Tusiige vioo vya Hamburg, tuige wanavyouza viwanja

Kila nikituma picha za HafenCity, mtaa mpya uliojengwa kwenye bandari ya zamani ya Hamburg, Ujerumani, kwenye kundi la familia, mjomba wangu wa Temeke hujibu kwa neno moja: "Hela." Wazungu wanazo, sisi hatuna, basi. Mimi naishi hapa Hamburg, mtaa huo naupita nikienda kazini, na nambishia.

Eneo lenyewe ni hekta 157 za magati, maghala na reli zilizokosa kazi baada ya makontena kuhamia ng'ambo ya mto Elbe. Ardhi karibu yote ilikuwa mali ya jiji. Meya Henning Voscherau alitangaza mpango mwaka 1997, lakini kabla ya hapo jiji lilishaanza kununua kimyakimya majengo ya kampuni zilizokuwa humo, bei isije ikapaa. Kwanza walinunua, ndipo wakatangaza. Kigamboni sisi tulianza na tangazo. Mwaka 2008 watu wakazuiwa kujenga na kuuza, eti kupisha mji mpya. Miaka ikakatika, nyumba za watu zikabaki kwenye lenta, na mji wenyewe haukuja.

Kinachonikuna zaidi ni mauzo. Mwekezaji akichaguliwa hapewi kiwanja siku hiyo. Anashikiwa tu, asiuziwe mwingine, naye kwa gharama zake apime udongo, ashindanishe wasanifu, ahangaikie kibali cha ujenzi. Kibali kikitoka ndipo analipa na kukabidhiwa. Akizembea, kiwanja kinarudi kwa jiji. Tena anayeshinda si lazima awe mwenye dau kubwa, maana anachotaka kujenga nacho kinapimwa. Sehemu kubwa ya barabara, madaraja na bustani imetokana na fedha za viwanja hivyo. Umesikia, mjomba? Kwetu mtu hupewa kiwanja cha mjini, akakizungushia mabati, mabati yakala kutu, kiwanja kikauzwa mara ya tatu hakijawekwa hata tofali moja.

Halafu maji. Mtaa huu uko nje ya tuta kuu la kuzuia mafuriko, katika jiji ambalo mafuriko ya 1962 yaliua watu 315. Walichofanya ni kuinua nyumba na barabara hadi mita nane hivi juu ya usawa wa bahari, wakaacha ukingo wa chini ulowe. Dhoruba ikija, milango mizito ya chuma inafungwa kwenye mikahawa na maegesho, mto unapanda hadi sakafu ya gati, na huko juu mtu anatembeza mbwa wake kama kawaida. Sisi karakana ya mwendokasi tuliipeleka Jangwani, bondeni kabisa, ambako mzee yeyote wa Magomeni angekuonyesha maji yanapopita.

Sisemi huku ni peponi. Awamu za kwanza zilijengewa wenye nazo, na sharti la theluthi ya nyumba kuwa za kodi nafuu lilikuja baadaye. Ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, uliopandishwa juu ya ghala la zamani la kakao, jiji liliambiwa utaligharimu euro milioni 77, ukaishia 789. Ujenzi wa mnara wa Elbtower ulikwama mwaka 2023 ukiwa umefika mita mia hivi, kampuni za tajiri wa Austria, René Benko, ziliposhindwa kulipa, kisha zikafilisika. Na kama mtaa mpya haukuvunjia watu nyumba, kumbukeni maghala mekundu ya jirani: kuyajenga, miaka ya 1880, wakazi wapatao 20,000 waliondolewa. Bomoabomoa waliimaliza mapema.

Humo humo kuna uwanja unaoitwa Dar-es-Salaam-Platz, maana majiji yetu ni ndugu tangu 2010. Undugu huo tungeutumia kuomba nakala ya mikataba yao ya viwanja. Siku maghala ya zamani ya Kurasini yatakapopangiwa kazi nyingine, msinitumie michoro ya maghorofa yenye minazi. Nitumieni masharti: mwekezaji analipa lini, anaanza kujenga kabla ya tarehe gani, na akishindwa, kiwanja kinarudi mikononi mwa nani.