Ziwa letu tunalijua kwa sufuria

Shangazi yangu ameuza dagaa na migebuka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtilie dagaa kiganjani, atakuambia wameanikwa juu ya chanja au mchangani, na hajawaonja bado. Lakini hadi Idi iliyopita hakuwa amewahi kumwona samaki akiwa kwake, chini ya maji, anaendelea na shughuli zake.

Siku ya pili ya sikukuu tulikodi boti, watu tisa wa ukoo mmoja, tukapandia Katonga na kuambaa na miamba. Nahodha alizima mashine kwenye kijighuba chenye mawe makubwa kama nyumba, maji yameangaza mpaka kivuli cha boti kinaonekana kimelala chini. Mpwa wangu akamvisha shangazi miwani ya kuzamia, akamfundisha kuuma mpira wa snokeli kwa meno na kupumua kwa mdomo. Shangazi akashuka na dera lake, jaketi okozi juu yake, mpaka maji yakamfika kifuani. Akainamisha uso.

Aliponyanyuka hakusema kitu. Akavuta pumzi, akarudi. Mara ya tatu ndipo aliposema, "Kumbe wana watoto."

Alikuwa amewaona kuhe wawili. Wengi wenu mnamjua kuhe akiwa amepakwa chumvi na ndimu. Ni wa ukoo mmoja na perege na sato, na katika ukoo huo mzima duniani ni miongoni mwa wakubwa kabisa. Anaweza kuzidi nusu mita. Kumbe dume na jike hulea pamoja. Mmoja alikuwa kulia, mwingine kushoto, na katikati yao wingu la vitoto vidogo kama punje za mtama, likisogea wanaposogea, likitulia wanapotulia. Samaki yeyote aliyekaribia alifukuzwa. Shangazi mwenyewe alifukuzwa: kuhe mmoja alimjia usoni hadi akarudi nyuma hatua mbili.

Nataka kuandika juu ya safari hizi za boti ya kukodi, miwani na vinywaji, kwa sababu naona Kigoma tumezichukulia kama starehe ya wageni, na sisi tuliozaliwa hapa tumebaki kuwa wapishi wa ziwa letu. Tunalijua kwa sufuria. Tunalijua kwa bei ya ndoo ya dagaa. Tunaogelea tangu tukiwa wadogo, ila macho tumefumba.

Mgeni akifika mwisho wa reli, tuna hadithi tatu za kumpa. Tunampeleka Ujiji aone mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Tunamwonyesha au kumsimulia Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kushushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915. Halafu anapanda boti kwenda Gombe kwa sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia Julai 1960. Hadithi nzuri zote, nami nimezisimulia kwa fahari. Lakini zote ziko juu ya maji. Hata Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi na kuopolewa 1924, tunasimulia ilikotoka na ilikokwenda. Hiyo miaka iliyolala chini tunairuka.

Mimi nilizinduliwa Zanzibar, kwenye harusi. Wenyeji wetu walitulipia siku nzima kwenye katamarani: ile mashua nyeupe ya matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha pana, na wavu wa kulalia umetandikwa mbele. Tukateremka kwenye matumbawe, tukaona samaki wa kila rangi, tukarudi juu tukapewa juisi ya ukwaju baridi na matikiti. Nilifurahi sana. Ila kilichonikaa kichwani ni chombo chenyewe. Nililala kwenye ule wavu nikitazama maji yanapita kati ya matumbo mawili, nikajiambia: hiki nakijua. Hiki ni kipe.

Kwa asiye wa ziwani, kipe ni boti mbili zilizofungwa pamoja kwa magogo marefu, wavu unateremshwa katikati, taa zinawashwa usiku wa giza, dagaa wanaufuata mwanga, kisha wavu unanyanyuliwa. Neno katamarani lenyewe limetoka kwa Watamili wa India ya kusini, na maana yake ni magogo yaliyofungwa. Sasa niambie, nani anayejua kufunga magogo kushinda mafundi wa Katonga na Kibirizi? Chombo ambacho watalii wanakilipia fedha nyingi pwani, sisi tunacho makumi kwa makumi, kinatoka kila jioni na kurudi alfajiri kimejaa dagaa.

Nikarudi nyumbani na miwani miwili niliyonunua Darajani. Hapo ndipo yalianza.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani ziwa linalolipita kwa kina ni moja tu, Baikal la Urusi. Shuleni tulikariri hilo tukaishia hapo, na nadhani ndilo limetupotosha, maana mtu akisikia kina hicho anadhani mambo yako huko chini kabisa, kwa wenye mitungi ya hewa. Ukweli ni kinyume. Ukishapita mita mia mbili hivi, maji hayana hewa ya kutosha samaki kuishi. Maji ya chini na ya juu hayachanganyiki vya kutosha. Kwa hiyo karibu uhai wote wa ziwa hili refu lenye kugusa nchi nne umebanana katika tabaka la juu, na aina nyingi zaidi zimejazana pembeni, kwenye mawe, pale pale ambapo mtoto wa Bangwe anarukia maji akitoka shule. Ule ukoo wa perege peke yake una zaidi ya aina mia mbili humu, na karibu zote hazipatikani ziwa lingine lolote duniani. Huhitaji mtungi. Unahitaji miwani, mpira wa kupumulia, na mita mbili za maji.

Chukua mfano wa wale wakaa-makombe. Mbele kidogo ya mawe, mchanga unapoanza, utaona makombe matupu ya konokono yametapakaa. Tulia juu yake bila kupiga miguu. Baada ya dakika moja, katika mlango wa kombe moja kinatokeza kichwa cha samaki asiyezidi kidole chako. Anakuangalia. Ukitikisa mkono anazama ndani kama aliyevutwa kwa uzi. Humo ndimo anamolala na ndimo anamotagia. Iko jamii moja ambayo dume ni mkubwa kuliko jike mara nyingi kwa uzito. Dume huzunguka anaokota makombe kwa mdomo, anayarundika mahali pamoja, na majike wanakuja kupanga. Mpwa wangu, ambaye kwa kawaida hawezi kukaa kimya muda wa kuchemsha chai, alielea juu ya rundo moja la hivyo mpaka vidole vikamkunjamana.

Wako pia walaji wa magamba. Midomo yao imepinda, wengine kulia, wengine kushoto, kwa sababu kila mmoja huwavizia samaki wengine kutoka nyuma upande wake mmoja na kunyofoa magamba ubavuni. Wako wanaoficha watoto mdomoni. Rafiki zangu wa Ulaya wasiowahi kukanyaga Afrika wanafuga samaki wa Kigoma sebuleni, kwenye matangi ya kioo, wanawajua mpaka kwa majina ya vijiji walikotolewa. Jambo hili linaniuma. Mtoto wa Hamburg anamjua samaki wa Kigoma, mtoto wa Kigoma hamjui.

Najua jibu, maana nimeshajibiwa: hayo mambo ya wazungu, nani ana hela ya kukodi boti nzima? Sisi tulichanga. Watu tisa, kila mmoja alitoa alichonacho, na fedha iliyopatikana ilikuwa ndogo kuliko tuliyomaliza kwa sare za harusi moja. Mafuta ndiyo yanayokula pesa, na hukuhitaji kwenda mbali. Dakika ishirini za mwendo zilitosha. Boti ya peke yenu ina faida yake kubwa: mnasimama mnapotaka, mama mtu mzima anashuka majini na dera bila kutazamwa na wageni, na hakuna anayewaambia muda umekwisha.

Kuhusu vinywaji, hapa sitaki mzaha. Miaka mitatu iliyopita nilialikwa kwenye safari ya namna hii na mwenye boti mmoja, jina lake naliacha. Deli la barafu lilifunguliwa hata kamba haijafunguliwa gatini. Tulipofika kwenye mawe nusu ya watu walikuwa wameshalewa, na nahodha mwenyewe alikuwa na chupa miguuni. Jaketi zilikuwepo, zimefungwa kamba chini ya viroba. Kijana mmoja akaruka, akameza maji, akaanza kupiga mikono. Waliomvuta ni wavuvi wawili waliokuwa wanapita na mtumbwi. Aliponyanyuliwa tulimvalisha jaketi moja, na kifungo chake kikabaki mkononi mwangu: plastiki ilikuwa imeoza kwa jua. Nilikitunza kile kifungo. Kiko kwenye droo yangu.

Tangu hapo mimi nina utaratibu wangu na siutolei udhuru. Kabla ya kulipa navuta kila jaketi kwa nguvu, kamba na vifungo. Nahodha akinuka pombe, tunashuka. Kwenye deli tunaweka maji, soda, juisi ya nanasi. Anayetaka bia yake anainywa ufukweni, moto umeshawashwa, migebuka iko juu ya makaa, na hakuna anayerudi tena majini. Bia iliyosubiri mpaka saa kumi jioni ni tamu kuliko ile ya saa nne asubuhi, muulize yeyote aliyekuwa nasi. Tunatoka mapema, ziwa likiwa shwari, kwa sababu kiangazi upepo unaweza kuinuka mchana na mawimbi ya Tanganyika si ya kuchezea. Wakati wa masika mito inashusha tope na huoni kitu, usipoteze mafuta. Tunauliza wavuvi wa eneo hilo habari za mamba kabla mtu hajalowa. Tunakwepa vighuba vya matete karibu na nyumba, kwani kichocho kipo. Nanga inatupwa mchangani mahali peupe, kamwe si juu ya makombe.

Hilo la makombe nalisisitiza, na la kokoro pia. Kokoro ni haramu kwa sheria na kila mtu analijua, lakini ukishaona kwa macho yako wavu unaoburuzwa unapita juu ya nini, unaacha kuliona kama suala la faini. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilisikia manung'uniko kila kona ya Mwanga na Ujiji, na sikuwalaumu watu, njaa ni njaa. Shangazi naye alinung'unika. Majuzi nilimsikia akimwambia mwenzake gengeni kwamba wale nao wanalea.

Rai yangu kwa wenye vipe ni hii. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, na kila mwezi kuna siku ambazo vipe vinalala ufukweni na vijana wanashona nyavu. Siombi kipe cha uvuvi kibebe abiria. Hicho hakijakaguliwa kwa kazi hiyo na mamlaka za usafiri majini zina haki ya kukizuia. Naomba fundi mmoja, na mwenye mtaji mmoja, waunde kipe cha abiria: matumbo mawili yaliyokalafatiwa vizuri, sitaha ya mbao kati yake, turubai la kivuli, ngazi ya kushukia majini, jaketi mpya kwa kila kichwa, kikaguliwe na kusajiliwa. Kingekuwa imara kuliko boti moja, hakilali upande hata bibi wawili wakiegemea pamoja. Siku za wageni kiwalipishe wageni. Jumamosi moja kwa mwezi kichukue watoto wa shule za hapa kwa bei ya mafuta tu.

Nilimwambia nahodha wetu wazo hili siku ile ya Idi, tukiwa tumekaa ukingoni tunakausha nguo. Anavua ziwa hili tangu utotoni. Hakunijibu. Aliniomba ile miwani, akaivaa, akajishusha taratibu upande wa mawe. Alikaa chini muda mrefu, anazunguka jiwe moja, anarudi, anaelekea jingine. Alipopanda alijifuta uso kwa kiganja, akamwangalia shangazi.

"Mama, nimeona wavu wangu," alisema. "Ule uliochanika mwaka juzi. Umenasa kwenye jiwe na samaki wanauingia na kutoka."

Akaomba kisu, akashuka tena kuutoa.