Picha Yangu Bado Inaajiri

Mwezi wa tatu kijana mmoja wa Mwanza, aliyekuwa anamalizia uhandisi kule Greensboro, North Carolina, alinitumia ujumbe. "Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu. Kuna kampuni ya Wisconsin imeniita usaili, nikakuona kwenye tovuti yao. Vipi, pako poa?" Chini yake akabandika picha. Ni mimi kweli: blauzi ya bluu, kikombe cha kahawa kisichokuwa na kahawa, nacheka na Mzungu ambaye hata jina lake sikuwahi kulijua. Kampuni ile niliiacha miaka 3 iliyopita. Mimi nimeondoka, picha imebaki kazini.

Nilicheka kwanza. Halafu nikakaa na simu mkononi, maana swali lake lilikuwa la haki na sikuwa na jibu la neno moja.

Mimi ni mhasibu. Kabla ya hapo nilibeba boksi kama wenzangu: ghala usiku, kutunza wazee asubuhi, chuo jioni. Kwa hiyo kampuni iliponiita, ikanilipia tiketi, hoteli na posho ya uhamisho, nilijiona nimeukata. Tangu usaili hadi kusaini zilipita wiki 5 tu. Mji wenyewe ni mdogo, saa 2 na nusu kwa gari kutoka Milwaukee, mahindi upande huu, ng'ombe upande ule. Na walinipokea vizuri, siwezi kuwasingizia. Mezani kwangu nilikuta kikapu: jibini, soksi nzito, ramani ya mji yenye migahawa yote 11. Nikamuuliza dada wa utumishi, kwa upole kabisa, wanawake Weusi hapa wanasukwa wapi. Akafungua kompyuta, akatafuta, akasema atanijibu. Nadhani bado anatafuta.

Wanaume msicheke. Kila baada ya wiki 6 nilikuwa naamka saa 10 alfajiri Jumamosi, naendesha hadi Milwaukee, nakaa kwenye kiti cha msusi kutoka Togo hadi miguu inakufa ganzi, halafu narudi usiku juu ya barafu. Januari moja theluji ikafunga barabara. Nikakaa mbele ya kioo nikajisuka mwenyewe twende kilioni, nywele za msibani, Jumatatu nikaingia nazo kikaoni. Watu watatu wakaniambia nimependeza sana. Mmoja akaomba kushika.

Nywele zingenishinda? Hapana. Barua ya kuacha kazi niliiandikia ofisini lakini uamuzi ulikuwa umeshafanyika jikoni, usiku mmoja mwanangu aliponiambia mwalimu anamwita Malik. Malik ni mtoto mwingine. Shule nzima watoto Weusi walikuwa wawili, na mwaka wa pili ulikuwa unaisha.

Ndiyo maana nikisikia viongozi wa makampuni wanalalamika kwamba "Weusi tunawaajiri ila hawakai", huwa nataka kuuliza: hawakai wapi? Kazini au mjini? Ni vitu viwili. Sasa naishi pembeni ya Atlanta na tayari nimeshaacha kazi moja hapa. Nilihama kampuni bila kuhama mtaa. Shule ileile, kanisa lilelile, msusi yuleyule, dakika 12 kwa mguu. Kule Wisconsin ukikosana na bosi mmoja umekosana na jimbo zima, kwa sababu mwajiri mwingine wa kazi yako yuko kilomita 200 mbele. Kwa hiyo watu hawagombani, wanavumilia kimya, wanatabasamu kwenye picha, halafu siku moja wanapakia gari. Kampuni inashangaa: mbona hakuwahi kulalamika?

Nilipofika Georgia nilianza kusoma historia ya Weusi wa Marekani, na kuna kisa kimoja kilinifanya nicheke peke yangu kwenye basi. Mwaka 1916 viwanda vya kaskazini vilikuwa na njaa ya wafanyakazi, kwa sababu vita vya Ulaya vilikuwa vimekata wahamiaji wa kutoka huko. Vikatuma mawakala kusini wakawachukue Weusi. Wakubwa wa Macon, mji wa humu humu Georgia, wakaona mashamba yatabaki bila watu, wakatunga leseni: wakala anayetaka kuchukua wafanyakazi kwao alipe dola 25,000, tena alete udhamini wa wachungaji 10, achilia mbali wenye viwanda na wafanyabiashara. Dola 25,000 za 1916! Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yao ya kubakiza watu. Kupandisha ujira na kuacha kuwaua watu kwa kamba halikuwa wazo lililopewa nafasi kubwa. Watu wakaondoka hivyohivyo. Kufikia 1970 walikuwa wamehama kutoka kusini wapatao milioni 6. Milwaukee wengi walifika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vikinguruma. Kisha viwanda vikaanza kufa, na Allis-Chalmers, watengeneza matrekta waliowahi kuwa mhimili wa eneo lile, wakafilisika 1987. Wajukuu wa waliopanda treni kwenda kaskazini ndio leo wanapakia magari kurudi kusini.

Wanarudi kufuata nini? Jua, ndiyo, na nyumba za bei nafuu, ingawa unafuu huo unayeyuka. Lakini Atlanta ilitengenezwa, haikuota kama uyoga. Vyuo vya Morehouse na Spelman vipo tangu karne ya 19. Mwaka 1973 wakamchagua Maynard Jackson, meya wa kwanza Mweusi. Ulipofika wakati wa kujenga jengo jipya la uwanja wa ndege, Jackson akashikilia kwamba robo ya zabuni ziende kwa makampuni ya Weusi na wengine wa jamii za wachache, la sivyo ujenzi usimame. Wenye pesa walipiga kelele wakachoka. Jengo likafunguliwa 1980. Mimi mhasibu naiona hesabu yake wazi: mkandarasi anahitaji mwanasheria, mwanasheria anahitaji karani, wote wanahitaji mtu wa vitabu vya hesabu, na wote wanahitaji daktari wa meno na shule ya watoto. Miaka 40 na ushee baadaye mimi, mtoto wa Korogwe, nakula jasho la mzozo ule wa zabuni.

Msije mkadhani nawauzia pepo. Mshahara wangu wa hapa ni mdogo kuliko wa Wisconsin. Foleni za Atlanta zingemfanya dereva wa daladala wa Mbagala aokoke. Maskini na matajiri wanaishi kama nchi mbili. Bosi wangu wa sasa ni Mmarekani Mweusi na ni mkali kama pilipili kichaa. Tofauti ni kwamba akinichosha, nina pa kwenda.

Kisha kuna ule wimbo wa waajiri kuhusu Weusi wenye sifa: "hatuwapati". Mwaka 2004 wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha jaribio lao la Boston na Chicago: wasifu karibu 5,000 wa kuombea kazi, wa kutunga, sifa zilezile, majina tofauti. Wenye majina yanayosikika ya Kizungu waliitwa kwa asilimia 50 zaidi. Hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa sana ni jaribio kubwa zaidi lililofuata, lililochapishwa 2022, maombi 83,000 kwa makampuni 108 makubwa. Kwa jumla pengo lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza, ila halikugawanyika sawa: sehemu ya 5 ya makampuni ndiyo iliyobeba karibu nusu ya ubaguzi wote. Na zile ambazo ajira zinasimamiwa kutoka makao makuu zilibagua kidogo kuliko zile ambazo kila meneja wa tawi anajiamulia. Kwa lugha ya nyumbani: mpe kila mwenye duka uhuru wa kuchagua nani auze, atachagua mpwa wake.

Kampuni niliyokuwepo ilikuwa ya aina hiyo ya pili. Kila idara ilichagua watu wake. Utumishi walikuwa wanapeleka kikapu cha jibini tu.

Waajiri wengine hujitetea kwa kuwafuata wanafunzi chuoni, na ni hatua nzuri. Vyuo vya kihistoria vya Weusi viko kama 100 na karibu vyote viko kusini, kwa hiyo mwajiri wa kaskazini asipofunga safari hawezi kusema ametafuta. Lakini angalia upande wa safari. Mwaka 2017 Google ilianza kuwachukua wanafunzi wa Howard, chuo kimojawapo cha hivyo kilichoko Washington, kwenda kusoma kwenye kambi yake California, karibu na San Francisco, mji ambao mwaka 1970 Weusi walikuwa kama asilimia 13 na leo ni kama 5. Yaani unamleta kijana mahali ambapo wenyeji wake wameshahama. Microsoft ilijaribu upande wa pili, ikanunua eneo kubwa magharibi mwa Atlanta kwa ajili ya kujenga ofisi, ikatangaza kwa mbwembwe 2021. Mwaka 2023 ikasitisha. Majirani wakabaki na kodi za nyumba zilizopanda na eneo lenye uzio.

Sasa niseme la kwetu, najua litaniletea maneno. Sisi tuliotoka Afrika tunahesabiwa kwenye safu ileile ya Weusi, na wapo waajiri wanaotupenda kwa sababu hiyo. Meneja wangu aliwahi kunisifia: nyie Waafrika mnajituma na hamna malalamiko. Nilitabasamu. Sikupaswa kutabasamu. Dawati la jirani alikuwepo dada wa Milwaukee, Mmarekani Mweusi, mzoefu kuliko mimi, ndiye aliyenifundisha mfumo wao wa malipo. Alikuwa anauliza vikaoni kwa nini vigezo vya kupanda cheo havijaandikwa mahali popote. Wakamwona mgomvi. Aliondoka mwezi wa 11. Siku ya kupiga ile picha aliombwa akakataa, akasema ana kazi nyingi. Mimi nikaona anaringa.

Kutolalamika kwetu nako tukuseme kama kulivyo. Mwenye viza ya H-1B, ile ya wageni wenye kazi za kitaalamu, amefungwa kwa mwajiri. Akiachishwa kazi, kwa kawaida ana siku 60 za kutafuta mwingine au kufunga virago. Huyo atakaa, tena atakaa kimya, na kwenye ripoti ya kampuni atahesabiwa kama mfanyakazi aliyebakizwa. Mimi nilikuwa na kadi ya kijani, ya ukaazi wa kudumu, ndiyo maana niliweza kupakia gari. Macon ilidai dola 25,000 ili Mweusi asitoke. Septemba 2025 Washington iliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo kwa walio nje ya nchi, ili mgeni asiingie. Waliomo ndani watashikilia kiti kwa meno.

Mwaka huohuo wa 2025, Januari, Rais Trump alifuta amri aliyoitia saini Rais Johnson mwaka 1965, iliyowataka wenye kandarasi za serikali kuu wachukue hatua za kuhakikisha hawabagui katika ajira. Kampuni nyingi zikaanza kusafisha tovuti zao. Nilikwenda kuangalia ya mwajiri wangu wa zamani. Ukurasa uliokuwa na ahadi umeondolewa. Mimi na kikombe changu tupo, tumehamishiwa ukurasa wa nafasi za kazi.

Wakiniuliza, na hawajaniuliza, ningewaambia wasimwajiri mmoja. Waajiri watatu kwa mpigo, idara tofauti, ili Malik na mwanangu wawe na wenzao. Waruhusu mtu aishi Milwaukee aje siku 2 kwa wiki, kazi yangu nusu yake ilikuwa kwenye kompyuta hata hivyo. Vigezo vya cheo viandikwe. Na kabla ya kumsainisha mtu mwenye familia, waongee na mwenzi wake, kwa sababu huyo ndiye atakayeshinda peke yake kwenye mji ule mchana kutwa.

Yule kijana nilimjibu kwa sauti, dakika 9. Nikamwambia aulize kwenye usaili ni Weusi wangapi wamepitisha miaka 3 pale, na aombe kuongea na mmoja ambaye hakuchaguliwa na utumishi. Aliuliza. Wakasema wataangalia wampe jibu. Akasaini bila jibu, ana deni la chuo na wadogo zake wawili Nyegezi wanasubiri ada. Mimi pia nilisaini.

Ameripoti mwezi uliopita. Jumapili akanitumia ujumbe: "Dada, nimepewa jibini. Hivi kinyozi ni wapi?" Nikamtumia namba ya mmoja wa Milwaukee, nikamwambia aangalie hali ya barabara kabla hajatoka.