Mkurugenzi wa majanga wa kaunti apimwe Februari, si siku mto unapovunja kingo

Mto Tana ukivunja kingo, picha zinazosambaa huwa ni zile zile: maafisa wa kaunti wamevaa vizibao vya kung'aa, boti moja imejaa watu, akina mama wamebeba magodoro vichwani. Hapo ndipo watu huanza kuuliza mkurugenzi wa usimamizi wa majanga anafanya nini. Mimi ningeuliza alifanya nini Februari, mto ukiwa chini na barabara ya Garsen ikifuka vumbi. Kufikia siku ya boti, sehemu kubwa ya kazi yake ama imeshafanyika ama imeshaharibika.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliziachia kaunti huduma za zimamoto na usimamizi wa majanga, bila maelezo zaidi. Anayekalia kiti hicho anakuta hakina saini wala amri. Saini ya malipo ni ya afisa mkuu wa idara, kwa kuwa ndiye afisa mhasibu. Machifu na manaibu wao, watu pekee wa serikali wanaofika karibu kila kijiji, wanaripoti kwa kamishna wa kaunti, na huyo ni wa serikali ya kitaifa. Tingatinga ziko idara ya barabara. Maafisa wa afya ya umma wana waziri wao. Kila anachohitaji mkurugenzi kiko mkononi mwa mtu mwingine, na ni lazima akubaliane nao mapema, kwa maandishi, nani atatoa nini na ndani ya saa ngapi. Saa nane za usiku mvua ikinyesha, hakuna anayesaini barua.

Tuanze na fedha, kwa sababu hapo ndipo mambo mengi yanapokwama. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti, kwa idhini ya bunge lake, kuwa na Hazina ya Dharura. Malipo ya mwaka kutoka hazina hiyo hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Kaunti yenye mapato ya shilingi bilioni 8, kwa mfano, haiwezi kutoa zaidi ya milioni 160. Waziri wa fedha wa kaunti akishalipa, ana miezi 2 ya kupeleka suala hilo bungeni liidhinishwe.

Lakini sharti zito zaidi ni lingine: hitaji lazima liwe la haraka na lisilotarajiwa. Mafuriko ya Tana yanatarajiwa. Ya mto Nyando, upande wa Kisumu, yanatarajiwa. Mkaguzi akiuliza kwa nini mafuta ya boti na maturubai yalilipiwa kwa hazina ya mambo yasiyotarajiwa, wakati maji yalipita pale pale miaka iliyotangulia, hakuna jibu la maana. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mafuriko ya kila msimu yawe na kifungu chake katika bajeti ya kawaida, na Hazina ya Dharura ibaki kwa lile ambalo hakuna aliyeliona likija.

Hapa hesabu ya kalenda inawashinda wengi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, kisha hufuata waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28 na makadirio kufikia Aprili 30. Maana yake ni kwamba lita ya petroli itakayotiwa kwenye boti Aprili 2027 ilipaswa kuandikwa Septemba 2025, miezi 19 kabla. Isitoshe, mvua za masika huangukia robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, wakati vifungu vingi vimeshakauka. Mkurugenzi asiyehudhuria vikao vya Agosti vya kuandika mpango huo ameshajinyima boti, hata akiwa hodari namna gani mvua zikifika.

Ununuzi nao una mtego wa aina hiyo hiyo. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu kununua moja kwa moja kwa muuzaji mmoja pale penye dharura, mradi hali hiyo haikuweza kutabiriwa na haikusababishwa na uzembe wa ofisi yenyewe. Njia salama ni zabuni ya mkataba wa bei iliyokubaliwa kabla, ambao unaweza kudumu hadi miaka 3 na unahitaji wauzaji wasiopungua 7 kwa kila aina ya bidhaa. Bei zimefungwa, majina yapo, siku ya siku unatoa oda tu. Malori ya maji, mafuta, maturubai, unga, kodi ya tingatinga: vyote vinaweza kuwekwa hivyo. Kaunti isiyo na mikataba hii hununua turubai kwa bei ya hofu.

Jambo la pili ni kuamua mapema kipimo gani kinaamsha hatua gani. Juu ya Tana kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndilo ghala kubwa. Likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, na maji yakianza kumwagika, mabwawa yaliyo chini yake hayana nafasi ya kuyameza kwa muda mrefu. Maji hayo huchukua siku kadhaa kufika Garissa, na siku nyingine kufika Garsen. Siku hizo ni zawadi, kaunti chache tu za nchi hii zinazipata. Kwa hiyo mkurugenzi awe na namba ya mkononi ya mhandisi wa KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa hayo, na ya msoma vipimo wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na jedwali la ukurasa mmoja. Utabiri wa msimu ukionyesha mvua kubwa, zibua makalvati, yaani njia za maji chini ya barabara na reli, na jaribu injini za boti. Masinga likikaribia kujaa, sogeza akiba upande wa mto utakaotengwa na maji. Kina cha mto pale Garissa kikipita kiwango kilichokubaliwa, hamisha watu. Hatua ya kwanza ni ya bei nafuu kiasi kwamba hata mvua isipokuja hakuna aliyepoteza kitu, kwani kalvati lililozibuliwa limezibuliwa.

Makalvati hayo si jambo dogo. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, huko Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na takataka kwenye njia ya maji chini ya tuta la reli yalipasuka na kufagia nyumba za watu waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Kila kaunti yenye reli, barabara kuu ya tuta au bwawa la shamba inapaswa kuwa na orodha ya mahali pa namna hiyo, mwenye jukumu la kupasafisha, na tarehe aliyopakagua mara ya mwisho. Kama mali ni ya shirika la kitaifa, mkurugenzi aandike barua na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Sasa onyo lenyewe. Tangazo la "wanaoishi nyanda za chini wahamie maeneo salama" halimsaidii mtu. Mahali salama ni wapi? Kufikia lini? Nitaenda na nini? Onyo linalofaa hutaja kijiji, siku, saa, njia, mahali pa kwenda na mahali pa mifugo. Hutolewa kwa Kipokomo, Kiorma na Kisomali pamoja na Kiswahili. Na kwa kuwa mtandao wa simu haufiki kila mahali, lipite kwa naibu wa chifu, mzee wa kijiji, redio ya eneo na kipaza sauti cha msikiti. Suala la mifugo lipewe uzito wake. Familia ya wafugaji isipoonyeshwa mahali pakavu pa ng'ombe, wanaume watabaki nyuma nao, na ndio watakaotafutwa kwa helikopta siku ya tatu.

Kuhamisha watu bila hesabu ni kuhamisha maafa tu. Chukua familia 500 za watu watano watano, jumla 2,500. Viwango vya chini vinavyotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, mita za mraba 3.5 za kulala chini ya paa, bomba moja kwa watu 250, na choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni kisha kwa 20. Hiyo ni lita 37,500 kila siku, yaani safari 4 za lori la lita 10,000, mabomba 10, vyoo 50 vya kuanzia na 125 baadaye. Darasa la mita 8 kwa 7 linalaza watu 16. Shule ya madarasa 8 inalaza 128. Unahitaji shule 20, na pengine wanafunzi wanarudi wiki hiyo hiyo: mwaka 2024 ufunguzi wa muhula wa pili uliahirishwa hadi Mei 13. Mpango unaosema "watahamia shule ya msingi ya karibu" haujapigiwa hesabu. Uwanja wa juu, uliopimwa na kuchimbwa mashimo ya vyoo wakati wa kiangazi, una maana zaidi.

Maji ya Tana ni mazito ya tope, na klorini haifanyi kazi yake sawasawa kwenye tope. Yatulizwe kwanza kwa shabu (alum), yamwagwe tangi safi, ndipo yatiwe dawa. Kipimo cha miligramu 2 kwa lita katika tangi la lita 10,000 kinahitaji gramu 20 za klorini halisi, kama gramu 29 za unga wenye nguvu ya asilimia 70. Subiri nusu saa, kisha pima: klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ikikosekana, ongeza. Kipimio chake ni cha bei ndogo na ndicho husahaulika. Kipindupindu kiliripotiwa Tana River baada ya mafuriko ya 2024.

Kuhusu boti, niseme machache. Kinachoua ni kujaza kupita kiasi na kukosa majaketi ya kuokolea. Boti la abiria lilizama Kona Punda mwishoni mwa Aprili 2024, pale barabara ya Garissa ilipofunikwa na maji na watu wakawa hawana njia nyingine ya kuvuka. Mahali hapo panajulikana. Barabara ikikatika, kaunti iwe na kivuko chake chenye nahodha aliyefunzwa, mstari wa uzito uliochorwa ubavuni, majaketi sawa na idadi ya viti, na askari kwenye gati wa kuwazuia watu. Askari si wa kaunti, kwa hiyo ombi lake nalo liandikwe kabla ya msimu.

Basi kamati ya bunge la kaunti imwite mkurugenzi Februari, wakati waraka wa mikakati ya fedha uko mezani. Alete ukurasa wa vipimo na hatua, orodha ya makalvati yenye tarehe, mikataba ya bei iliyosainiwa, na ramani ya viwanja vya kuhamia yenye idadi ya watu kila kimoja kinaweza kuchukua. Alete pia orodha yake ya simu. Wachague namba 10 bila kumwambia zipi, wapige pale pale kikaoni, na wahesabu ni ngapi zimepokewa na mtu mwenyewe.