Mwanamke Amesifiwa vya Kutosha

Hakuna mtu anayemwagiwa sifa kama mwanamke anayejituma nyumbani. Ni nguzo ya familia, ni mwalimu wa kwanza, ni jeshi kubwa. Kwenye shughuli za ukoo msemaji husimama akamshukuru mama kwa maneno ya kutoa machozi, ukumbi mzima ukapiga makofi, kisha mama huyo huyo akarudi kuosha vyombo vya waliompigia makofi. Sifa hizi zimenichosha. Si kwamba ni za uongo. Zinanichosha kwa sababu zimegeuzwa malipo: tunampa mwanamke maneno mazuri pale ambapo angestahili mapumziko, kauli katika maamuzi na sehemu yake katika mali.

Niseme mapema nisichokipinga. Mwanamke aliyeamua mwenyewe kukaa nyumbani alee wanawe simwiti mjinga, na wanaomdharau kwa kisingizio cha usasa nawakatalia vilevile. Kulea binadamu tangu hajui kushika kijiko hadi asimame kwa miguu yake ni kazi ya akili na subira. Kazi zenyewe hazina ubaya. Ubaya ni kwamba amepangiwa kabla hajazaliwa, hazina likizo wala kustaafu, na siku ndoa ikivunjika anaambiwa hakuchangia kitu.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi fulani nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alikuwepo mama mtu mzima na kijana wake, wanajaza fomu. Karani akauliza, "Mama anafanya kazi gani?" Kijana akajibu kwa upole kabisa, "Mama hana kazi, yuko nyumbani tu." Mama hakutamka neno. Mgongoni amembeba mjukuu aliyelala, begani ananing'iniza mfuko wenye chupa ya mtoto, nguo za kubadilisha na bahasha ya dawa za mgonjwa mwingine aliyeachwa nyumbani. Karani akachora kistari kwenye nafasi ya kazi, akaendelea na swali lililofuata.

Simlaumu yule kijana. Alisema kile ambacho hesabu za dunia zilikuwa zikisema tangu zamani. Mwaka 1934 mwanauchumi Simon Kuznets alipowasilisha kwa Seneti ya Marekani makadirio ya pato la taifa lile, kazi za akina mama majumbani aliziacha nje ya hesabu, ingawa alijua kabisa zina thamani. Hadi leo pato la taifa huhesabiwa kwa mtindo huo: ukimlipa mtu akufulie, uchumi umekua, akikufulia mkeo, hakuna kilichotokea. Wataalamu wa takwimu za kazi walipokutana Geneva mwaka 2013 walikubaliana kwamba huduma za nyumbani zisizolipwa nazo ni kazi. Ilichukua muda wote huo kuandika jambo ambalo kila aliyewahi kuuguza mtoto usiku analijua.

Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu kazi za malezi na uangalizi, lilikadiria kwamba saa bilioni 16.4 hutumika kila siku duniani katika kazi hizi bila malipo, sawa na watu bilioni 2 wanaofanya kazi saa 8 kwa siku bila senti. Wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya saa hizo. Kwa siku moja mwanamke hutumia kwa wastani saa 4 na dakika 25, mwanamume saa 1 na dakika 23. Ripoti hiyo hiyo ilihesabu wanawake milioni 606 walio katika umri wa kufanya kazi ambao hawakuweza kushika ajira kwa sababu ya majukumu haya. Wanaume walikuwa milioni 41.

Na hizo ni saa zinazoonekana. Iko kazi nyingine ambayo hakuna saa inayoipima, nayo ni kukumbuka. Hata katika nyumba ambayo baba anapiga deki na kuogesha watoto, muulize mtoto anavaa kiatu namba ngapi, chanjo inayofuata ni lini, nani anadaiwa daftari shuleni, dawa ya bibi inaisha siku gani. Mara nyingi atageuka amtazame mkewe. Mikono yake imefanya kazi, lakini kichwa kinachopanga, kinachohofia na kinachoamka saa tisa usiku kwa kukumbuka jambo ni cha mke. Wanawake wengi niwajuao hawalalamikii kufua. Wanalalamikia kuwa peke yao katika kujua.

Nikisema haya huletewa hoja tatu: maumbile, dini na mila. Maumbile nitayapitia haraka. Mimba na kunyonyesha ni vya mwanamke, hilo halina ubishi. Lakini sijaona kiungo cha mwili kinachohusika na kufagia.

Dini inataka utulivu zaidi, maana wengi wetu tunaiheshimu kwa dhati na ndiyo hutumiwa kufunga mjadala. Waislamu wanayo masimulizi sahihi ya Bi Aisha kwamba Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara. Tena mafakihi wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi, walishika kauli kwamba kupika na kufagia si wajibu wa kisheria wa mke. Akifanya, ni wema wake. Kwa Wakristo, yule mke mwema wa Mithali sura ya 31 anayesomwa kwenye kila harusi anaangalia shamba akalinunua, anatengeneza nguo akaziuza, na kinywa chake kinanena hekima. Ajabu ni kwamba tunapomsoma tunaikazia sana ile sehemu ya kuamka kabla ya alfajiri, na habari za shamba tunazipita.

Mila ndiyo hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita jadi si cha kale kiasi hicho. Mume atoke asubuhi kwenda kutafuta pesa, mke abaki ndani akingojea: huo ni mpangilio uliopata nguvu viwanda na ofisi vilipoitenganisha kazi na nyumba. Kabla ya hapo familia za wakulima na mafundi zilizalisha pamoja, mume na mke mahali pamoja. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alichambua takwimu za Marekani za takriban miaka 200 akaonyesha kwamba ushiriki wa wanawake walioolewa katika kazi za uzalishaji ulishuka jamii ilipotoka kwenye kilimo kwenda kwenye viwanda, kisha ukapanda tena baadaye sekta ya huduma ilipokua. Kwa hiyo anayesema "wanawake wa zamani walikaa nyumbani" anazungumzia kipande kifupi cha zamani, na hata hicho kilikuwa cha wenye nafasi. Maskini hawajawahi kuwa na mwanamke asiyefanya kazi.

Mahali pengine hata si mila iliyomshikilia mwanamke, ni sheria iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Ufaransa, nchi inayojivunia uhuru na usawa, ilingoja hadi mwaka 1965 ndipo mwanamke aliyeolewa akaweza kufungua akaunti ya benki na kushika kazi bila ruhusa ya mumewe. Hispania iliondoa sharti la ruhusa ya mume mwaka 1975. Bibi zetu wa leo walikuwa watu wazima tayari. Kilichowekwa na binadamu kwa saini, binadamu alikiondoa kwa saini, na familia za Ufaransa hazikusambaratika siku hiyo.

Nani ajuaye uzito wa kazi isiyohesabiwa? Wanawake wa Iceland waliuonyesha tarehe 24 Oktoba 1975. Takriban asilimia 90 yao waliweka chini kila kitu kwa siku moja, kazi za mshahara na za nyumbani pamoja. Shule zilifungwa au zikayumba, viwanda vya samaki vikasimama, wanaume wakaenda ofisini na watoto mkononi. Hawakufanya fujo. Walikusanyika tu, wakaimba na kuhutubia. Mwaka uliofuata bunge lao lilipitisha sheria ya usawa wa jinsia, na mwaka 1980 wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kushinda urais kwa kura za wananchi. Kumbuka kwamba wanaume nao walimpigia kura. Kuona kwa macho kulifanya kazi ambayo hotuba za shukrani hazikuifanya.

Naamini pia kwamba wanaume wengi wanaupenda ulezi kuliko wanavyothubutu kusema. Norway ilipotenga mwaka 1993 wiki kadhaa za likizo ya uzazi kwa ajili ya baba pekee, ambazo asipozichukua zinapotea, akina baba waliokuwa wakichukua likizo hiyo kwa nadra sana wakawa wengi ndani ya miaka michache. Hawakubadilishwa mioyo kwa mahubiri. Walipewa sababu ya kumwambia bosi, na kinga dhidi ya kuchekwa na wenzao. Baba aliyebaki peke yake na mtoto mchanga tangu asubuhi hadi jioni hahitaji kufundishwa kwamba mkewe "hakukaa tu".

Kuna wanaosema tukigusa majukumu haya tunamvunjia mwanamume heshima. Mimi naona tunampunguzia mzigo. Mwanamume aliyefundishwa kwamba thamani yake yote ni mfuko wake, siku akiachishwa kazi hupoteza mshahara na utu kwa mpigo. Anakaa nyumbani kwake kama mgeni, hajui hata sabuni inawekwa wapi, na aibu humla taratibu.

Sasa nataka nini? Nataka mali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake unasema katika kifungu cha 16 kwamba wanandoa wote wawili wana haki sawa katika kumiliki, kuendesha na kuuza mali. Nchi nyingi zimesaini. Lakini saini ya serikali haiingii chumbani. Ikiwa kweli mke ndiye aliyekuwezesha ukajenga, jina lake liwemo kwenye hati ya nyumba wakati mko hai na mnapendana, si baada ya mazishi mbele ya mashemeji wenye hasira. Na wachumba wazungumze kabla ya kuvishana pete: mtoto akija, nani atapunguza kazi, kwa muda gani, na huyo aliyepunguza atafidiwaje akiba yake ya uzeeni? Ni maswali makavu, lakini wakiyakimbia sasa watayajibu mbele ya hakimu.

Na nataka tuache kuwagawa watoto. UNICEF ilikadiria mwaka 2016 kwamba wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda zaidi kwa asilimia 40 katika kazi za nyumbani kuliko wavulana wa umri wao. Jumla yake ni saa milioni 160 zaidi kila siku, zilizokatwa kwenye kusoma na kucheza. Hapa sisi akina mama hatuna wa kumsingizia, kwa kuwa ndio tunaoita. Binti yuko katikati ya hesabu zake, anaitwa aondoe vyombo. Kaka yake amekaa pembeni yake, mikono mitupu, anasogeza miguu ili dada apite. Mvulana wa miaka kumi anaweza kuosha vyombo, kukunja nguo, kumshika mdogo wake, kumpelekea babu dawa kwa wakati. Aanze jioni hii, na asipigiwe makofi kwa hilo.