Tegu wa Mbozi Ndani ya PubMed: Je, MeSH Inatosha?

Mwanafunzi wa tiba aliyeko Mbeya, anayetaka kujua tegu wa nguruwe anachangia kiasi gani kifafa katika vijiji vya Mbozi, ana njia mbili za kutafuta makala katika PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba. Anaweza kuandika maneno yanayomjia, au aanze na MeSH, msamiati dhibiti unaotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu 1960, ambamo dhana moja hupewa jina moja rasmi hata kama waandishi wameiita kwa majina matano.

Wanaoitetea MeSH wana hoja nzito. Istilahi zake zimepangwa kama mti: chini ya Taeniasis (maambukizi ya tegu) imo Cysticercosis (lava wa tegu mwilini), na chini yake Neurocysticercosis, yaani lava wa tegu waliofika kwenye ubongo. Ukitafuta kwa istilahi ya juu, matawi yake yanafuata yenyewe, na makala ambayo kichwa chake hakimtaji tegu popote inapatikana. Kuorodhesha visawe vyote hivyo kwa kichwa ni kazi inayomshinda hata mkutubi mzoefu.

Wapinzani husema PubMed yenyewe hubadilisha maneno ya kawaida kuwa istilahi hizo kimyakimya. Ni kweli, ila huacha kufanya hivyo pale maneno yanapofungwa kwa alama za nukuu, na wengi wetu huzifunga tukidhani tunaongeza umakini.

Udhaifu mkubwa zaidi wa MeSH, kwa maoni yangu, uko kwingine. Ina istilahi ya Tanzania, lakini haina ya Mbeya wala ya Mbozi. Tena yako majarida ndani ya PubMed ambayo makala zake hazipewi istilahi kabisa kwa kuwa hayamo MEDLINE, sehemu ya PubMed ambayo makala zake hupewa istilahi za MeSH, na anayetegemea MeSH pekee hatajua kamwe kwamba amezikosa. Suala la makala mpya kuchelewa kupewa istilahi limepungua tangu 2022, kazi hiyo ilipoachiwa kompyuta, ingawa nayo hukosea.

Ndiyo maana ningemshauri mwanafunzi huyu aunganishe kwa OR (“au”) istilahi ya Taeniasis na maneno ya kawaida kama Taenia solium, jina la kisayansi la tegu wa nguruwe, kisha abane kwa AND (“na”) pamoja na majina ya mahali. Na asiandike Songwe peke yake: mkoa huo ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hivyo makala za kabla ya hapo huiweka Mbozi mkoani Mbeya.