Kiapo Hakina Kifungu cha Vita

Juma lililopita mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kwamba nchi ikiingia vitani, raia wa tajnisi, yaani mgeni aliyepewa uraia, hana budi kujiondoa mwenyewe kwenye kamati za umma, asije akawatia wenzake mashaka. Sikumjibu, nikichelea kumvunjia heshima, lakini maneno yale yamenikaa rohoni, na kila nikiyafikiria namkumbuka Edgar Speyer.

Speyer alizaliwa New York mwaka 1862 kwa wazazi Wajerumani, akapata uraia wa Uingereza mwaka 1892, na mwaka 1909 akaapishwa kuwa mjumbe wa Baraza la Ushauri la Mfalme. Aliongoza kampuni ya reli za chini ya ardhi za London, na alikaa katika bodi ya hospitali ya Poplar, mtaa wa watu wa bandarini. Mei 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakaizamisha meli ya abiria ya Uingereza, Lusitania, watu zaidi ya 1,100 wakafa, na siku chache baadaye gazeti la The Times likachapisha barua iliyowataka raia wenye asili ya Ujerumani watangaze utii wao hadharani. Wengi walitangaza. Speyer alikataa, akajiuzulu katika kampuni ya reli na hata hospitalini, kisha akahamia Marekani na mkewe na binti zao watatu.

Hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa mzee wangu. Kumtaka mtu aliyekwisha kula kiapo aape tena gazetini ni kumwambia kwamba kiapo cha kwanza hakikuwa na thamani. Na kama hakikuwa nayo, cha pili kitaitoa wapi? Anayetuhumiwa kwa tendo huleta hati na mashahidi. Anayetuhumiwa kwa asili yake ataleta nini, wakati hata kimya chake kinahesabiwa kuwa hatia? Na vitanda vya wagonjwa wa Poplar vilificha siri gani ya vita?

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mwaka 1921 kamati ya uchunguzi ilimwona ana hatia ya kufanya biashara na adui wakati wa vita, akavuliwa uraia na jina lake likafutwa katika Baraza. Mwenyewe alikanusha. Lakini hayo yalikuwa matendo, na yalichunguzwa miaka 6 baada ya watu kumhukumu kwa damu yake.

Desemba 1915 mahakama ya London iliikataa hoja kwamba aliyezaliwa ugenini hana haki ya kukaa katika Baraza hilo, kwa kuwa sheria ya tajnisi ilikuwa imekwisha kumpa haki hiyo. Mzee wangu, hilo ndilo jibu nililopaswa kukupa siku ile. Speyer mwenyewe lilimkuta ng'ambo ya Atlantiki.