Mtwara Yote Mchanga, Mimi Nanunua Mchanga

Jamani, mji huu ukivua viatu tu umeshakanyaga mchanga. Shangani mchanga, Msimbati mchanga, Msangamkuu ndiyo usiseme. Kuna vichochoro huku kwetu pikipiki inazama mpaka abiria anashuka kusukuma, halafu anadai apunguziwe nauli. Sasa katika mji huo huo mimi, dereva bodaboda mwenye leseni na akili zangu, natoa hela kununua mchanga wa paka, ule wa kumwekea ajisaidie. Unakuja kwa basi kutoka Dar, kwenye mfuko wenye picha ya paka anacheka. Acheke tu, si mimi ndiye ninayelipa!

Sultani, paka wetu, zamani alikuwa na adabu zake. Anatoka uani, anachimba, anafukia, anarudi kulala. Mwenye nyumba akaja akamwaga zege uani kote. Kipande cha udongo kilichobaki jirani kapanda mchicha, na mchicha huo anaukagua asubuhi na jioni. Basi choo kikahamia ndani, kwenye beseni la mchanga.

Na mwenye paka ni mke wangu, muelewe hivyo. Lakini mke wangu mjamzito, na nesi wa kliniki kamwambia asiguse choo cha paka, kuna kimelea kinaitwa toksoplazma kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Nesi kasema kweli, sibishi. Tena mayai ya hicho kimelea yakitoka na mavi hayaambukizi papo hapo, yanahitaji siku 1 hadi 5 kuiva. Kwa hiyo ukizoa kila siku unakuwa umeyawahi. Kila siku! Mimba iliyopita ilitaka ming'oko, ile mizizi ya porini, nikaizungukia mpaka vijijini. Hii ya sasa imeniajiri chooni. Narudi usiku na vumbi la abiria mgongoni, naulizwa, "Baba Asha, umeshazoa?" Hata pole na kazi hakuna.

Harufu yenyewe ni balaa lenye elimu yake. Mababu wa paka ni watu wa jangwani, maji wanayabania, kwa hiyo mkojo wao unatoka mzito. Ndani yake kuna yurea, na bakteria wakishaipata wanaigeuza amonia, ndiyo ile inayokupiga puani kabla hujasema hodi. Sultani naye ni dume, na mkojo wa dume una ziada yake yenye salfa. Daktari wa mifugo anasema akihasiwa itapungua. Mke wangu akasema, "Masikini Sultani." Masikini anayenunua mchanga hakuonekana.

Ushauri ndio hauna bei mtaani kwetu. Mjomba wa mke wangu kaja kutusalimia, kamwaga majivu ya jikoni kwenye beseni bila kuuliza. Majivu yana magadi, na magadi yakikutana na mkojo uliochacha yanaifukuza amonia itoke upesi zaidi. Mjomba mwenyewe chai hakuimaliza. Jirani wa mchicha akasema tumwagie Jik. Dada, Jik na amonia vikikutana vinatoa hewa ya sumu, unataka tuzikwe wote na paka? Mwingine akaniletea kiroba cha maganda ya korosho, eti ya bure. Mtu kazaliwa Mtwara, kakua Mtwara, hajui kama mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi! Hata kama simpendi Sultani, siwezi kumfanyia vile.

Mke wangu yeye dawa yake ni udi. Nawaambia, harufu ya mkojo wa paka peke yake unaweza kuizoea, lakini ikivalishwa udi, mgeni hajui aseme bismillahi au akimbie.

Mchanga wa pwani? Usinifundishe, mimi ndiye niliyeubeba. Haushikani. Mkojo unapita mpaka chini unatulia pale, ukizoa juu unajidanganya. Maranda ya kwa fundi seremala yana nafuu, yanafyonza na harufu ya mbao inasaidia, ila Sultani anayasambaza mpaka kitandani. Huu wa mfukoni una udongo unaoitwa bentonaiti, ukilowa unaganda donge, unalitoa zima zima kwa kijiko cha matundu. Nakubali unafanya kazi, na hilo ndilo linaloniuma. Tena uchague usio na manukato. Mfuko mmoja ulikuwa na harufu ya maua, Sultani akaunusa, akageuka, akaenda kukojoa kwenye helmeti ya abiria. Mama mmoja akaivaa kutoka sokoni mpaka Ligula, njiani akaniuliza kama nimetoka kubeba samaki.

Aliyeanzisha haya ni Mmarekani, Edward Lowe, mwaka 1947 huko Michigan. Jirani yake, mwanamke, alikwenda kumwomba mchanga wa paka kwa sababu wake ulikuwa umeganda kwa baridi. Jamaa akampa udongo mkavu wa kunyonyea mafuta yaliyomwagika. Jirani akaupenda, na yule bwana akaanza kuuza, mfuko senti 65, akatajirika. Udongo! Hapa kwetu jirani akikuomba mchanga unamwonyesha barabara.

Nikadhani tumefika mwisho. Juzi mke wangu kasoma mahali kwamba mabeseni yawe sawa na idadi ya paka, halafu uongeze moja. Paka mmoja, mabeseni mawili. Na lisikae karibu na chakula chake, wala penye kelele. Tuna chumba na sebule. Tumepima kila kona, iliyobaki ni ile ya kwenye korido ninapolaza pikipiki. Kwa hiyo pikipiki ilale nje na kufuli, beseni la Sultani lilale ndani. Nikamwuliza, "Mama Asha, ikiibiwa, mchanga atanunua nani?"

Akasema nipunguze sauti, paka anajisaidia.